Gauni la Bibi na Sikukuu Mbili

Wa kwanza kulaumiwa ni fundi cherehani. Nimemlaumu mpaka ulimi umechoka, na nikiambiwa nianze upya leo, nitaanza. Vitambaa vya nguo za mwanangu za sikukuu nilimpelekea Ramadhani haijafika hata nusu, vipimo nikampa, na nikamwambia, "Fundi, mie si mtu wa dakika za mwisho." Akacheka na sindano mdomoni. "Wewe tulia tu, dada. Siku moja kabla ya sikukuu utakuja kuzichukua." Sikukuu ya nani, yeye hakusema, nami sikuuliza.

Maana kwetu Pemba, asiyejua ajue, sikukuu inaweza kuwa mbili. Wapo wanaofungua kwa mwezi ulioandama popote duniani. Ukionekana huko ulikoonekana, wao asubuhi wanakula sikukuu. Na wapo wanaongoja uandame hapa hapa nchini, na usipoandama wanakamilisha thelathini. Mtaa ni mmoja, ukuta ni mmoja, huyu ana visheti mdomoni na jirani yake kafunga. Hatupigani. Tunataniana, tunanuniana kidogo, na kesho yake tunapelekeana pilau. Mimi nimezaliwa Gando kwa mama anayengoja mwezi wa hapa, nikaolewa Madungu, Chake, kwa watu wa mwezi wa popote. Kabla sijapata mtoto haikunisumbua. Nilikula kwa mume wangu, kesho nikenda kula kwa mama, na aliyenenepa ni mimi.

Basi alipokuja mtoto, likaja na lile la mama.

Mama yangu hana makuu. Humsikii akiomba simu kubwa wala kochi, na doti ya kanga ukimpa atakwambia hizi alizonazo hazijesha. Lakini ana jambo moja, nalo tumekua nalo sote. Nguo ya sikukuu ya mtoto haivaliwi mpaka imepita mkononi mwake. Alfajiri ya Idi alikuwa akituogesha mmoja mmoja, anatupaka mafuta, anaifukiza nguo kwa udi kidogo kwenye chetezo, kisha anakuvisha mwenyewe, taratibu, kama kwamba mikono yako haina akili. Akishafunga kifungo cha mwisho anakushika mabega: "Mungu akupe umri uichakaze, akupe nyengine uichakaze." Hapo ndipo unaruhusiwa kukimbia. Baba alipofariki, na sisi tukasambaa, huyu Unguja, huyu Tanga, mimi Chake, yote mengine aliyaacha. Hilo hakuliacha. Mwanangu ndiye mjukuu pekee aliye karibu. Kwa hiyo kila mwaka ni lile lile. Gauni ananunua yeye, kwa pesa zake za karafuu, na usiku wa kuamkia sikukuu mtoto analala Gando.

Mwaka huu nilimwambia, "Mama, njoo Chake mwenyewe uchague. Sasa kuna butiki." Akasema magoti. Nikamwambia magoti tutayapumzisha. Akaja.

Duka lenyewe liko kwenye barabara ya maduka, si mbali na ngome kuukuu. Mimi nalikumbuka likiuza nazi na mafuta ya taa. Milango yake ya mbao ya kukunja bado ipo, lakini ndani siku hizi pana vioo, kiyoyozi, na masanamu yasiyo na vichwa yaliyovishwa mabaibui ya Dubai, na juu wameandika BUTIKI kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Chake nzima ilikuwa njiani, watu wamebeba mifuko, saumu imewapanda kichwani, wanakanyagana na kuombana radhi kwa wakati mmoja. Mama alifika mlangoni akavua viatu.

"Bibi, ingia navyo tu," msichana wa duka akamwambia.

"Ntakuchafulia, mwanangu."

Nikaona haya, nisiseme uongo. Nikaona haya zaidi alipochukua gauni la kwanza, akaligeuza ndani nje, akaushika mshono kwa vidole gumba na kuuvuta. Msichana akanitazama mimi.

"Mama, utapasua!"

"Likipasukia hapa si bora kuliko likipasukia kiwanjani?"

Mimi nilikuwa nimeshaliona langu, la waridi, la neti, lina mabawa mgongoni. Mama akalizunguka mara moja. "Hili mtoto akiketi lenyewe linabaki limesimama," akasema, na wanawake wawili waliokuwa wakichagua mitandio wakacheka. Alilolichukua yeye lilikuwa la pamba, kijani kibichi, ukosi mweupe uliodariziwa, na mfuko kila upande. Nikamwambia hilo ni kama sare ya chuoni. Akatia mkono mfukoni mwa gauni mpaka kifundoni. "Mtoto wa sikukuu hana mfuko, pesa za mkono wa Idi atazitia wapi?"

Kisha bei. Msichana akamwambia kwa adabu kwamba pale bei ni moja.

"Moja ya kwanza au moja ya mwisho?" mama akauliza.

Yule msichana alicheka mpaka akaegemea kaunta, na akapunguza. Nami nikacheka. Mwisho nilijisikia vizuri pale dukani kuliko nilivyoingia, na nikajiambia kwamba mama yangu ana akili kuliko hilo butiki zima. Nje akanikabidhi mfuko. "Liweke wewe, lisije likanukia moshi wa jiko langu. Asilijaribu. Akilijaribu lishavaliwa. Ntamvika mie." Nikaliweka juu ya kabati, na siku kadhaa nilikuwa nikimpiga mtoto vidole kila akilinyooshea mkono.

Sasa mwezi. Ishirini na tisa tumefuturu, tumeswali, simu zikaanza kulia. Umeandama huko nje. Nyumba ya mume wangu ikalipuka kwa takbira, mama mkwe akatia nyama jikoni, wifi yangu akatoa nguo za wanawe na kuzitandika kitandani. Nikampigia mama Gando. "Huku haujaandama," akasema. "Sie kesho tunafunga. Wewe mlete mtoto kesho jioni, keshokutwa ndio sikukuu." Sawa. Nikampigia fundi, maana nguo za kuvaa Madungu zilikuwa kwake. "Dada, mie kesho nimefunga! Nguo zako kesho jioni, mbona nilikwambia siku moja kabla ya sikukuu?" Mwanamume huyu alikuwa akinifafanulia kwa upole kabisa, kama mimi ndiye mjinga. Nilimkatia simu. Khaa!

Asubuhi mwanangu alivaa gauni la mwaka jana. Nikalipiga pasi, nikamwambia kapendeza, kesho ndio sikukuu yake ya kweli. Akakubali. Huyu ni mtoto wa miaka sita, ana subira kuliko mama yake. Akakaa kizingitini na gauni lake linalombana kwapani, akawatazama wana wa wifi yangu, wanametameta juu mpaka chini, na viatu vya taa. Hakulia. Ningependa kusema alilia, ingenifaa sana, lakini hakulia.

Aliyesema neno ni mama mkwe. Alipita na sinia la visheti, akamwangalia mtoto, akasema, si kwa ubaya labda, "Maskini, yuno wetu mwaka huu hana mwenyewe?"

Basi! Damu ikanipanda. Mie kwa hasira Mungu anisamehe. Hana mwenyewe, kama mtoto asiye na wa kumvisha? Nikaingia chumbani, nikapanda kiti, nikaushusha ule mfuko juu ya kabati, nikakata kile kikaratasi cha bei kwa meno, na nikamvisha mtoto gauni la bibi yake kwa dakika moja, nikitazama mlango na si mtoto. Vifungo nilivipandisha vibaya, ikabidi nivirudie. Hapakuwa na udi wala maneno. Yeye akasema, "Mama, si la bibi hili?" Nikasema, "Nenda kamwonyeshe bibi yako wa huku." Hivyo ndivyo nilivyosema. Gauni la mama yangu nimelitumia kumjibu mtu.

Na wallahi alipendeza. Wifi yangu akampiga picha na wenziwe, akaitia stetasi. Mama mkwe akasema "Ee, hapo sawa," akarudi jikoni, keshasahau. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama na kikaratasi cha bei mkononi.

Mchana akarudi na mkono wa Idi umejaa mifuko yote miwili, na ubuyu mwekundu kifuani.

Mume wangu alinikuta uani na beseni. Nilimweleza. Akasema, "Mwambie mama. Kosa liko wapi? Huku ilikuwa sikukuu, mtoto kavaa." Ni mtu wa maneno machache na mara nyingi ana haki, jambo linaloniudhi. Nikamwambia hayajui ya Gando, atoke hapo. Nikafua kwa sabuni, nikafua kwa ndimu, nikalianika jua la saa nane, nikapiga pasi, nikalifukiza udi ili lisinukie sabuni. Alama ya ubuyu ilitoka karibu yote. Karibu. Kisha, na hapa naona haya hata kuandika, nikachukua sindano na kukishonea kile kikaratasi mahali pake.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya nazi ananitazama.

"Bibi akikuuliza, hujalivaa. Sawa?"

"Lakini nimelivaa."

"Najua. Ukimwambia atasikitika."

Akafikiri. "Kwa hivyo hii ni siri au ni uongo?"

"Ni siri," nikamwambia.

"Haya."

Tulifika Gando jua linakaribia kuzama. Mama alikuwa ameshatandika mkeka wa futari: tende, uji, muhogo, samaki wa kukaanga. Akatuwekea vikombe sote. Hakuniuliza kama nimefunga. Alichukulia hivyo, au mimi nilidhani alichukulia hivyo. Adhana ikaadhiniwa, akanipa tende. Mimi mchana wake nilikuwa nimekula sahani mbili za pilau. Nikaipokea ile tende, nikasoma dua ya kufungulia, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mama yangu na mbele ya mwanangu. Astaghfirullah. Mtoto alinitazama midomo mpaka nikamaliza, na yeye akasema amina.

Alfajiri akamwogesha. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, maji yanamwagika, wanacheka, kisha wananong'ona, kisha wanacheka tena. Akamleta ndani kamfunga kanga, akampaka mafuta, akatia udi kwenye chetezo. Akalitoa gauni mfukoni. Akakiona kikaratasi, kimeshikwa kwa uzi mweupe. Akaukata ule uzi kwa jino, akaufinyanga vidoleni, akautupa. Kifuani, pale penye ubuyu, akapapitisha kiganja kama mtu anayefuta vumbi. Akamvisha. Sijapata kumwona akimvisha mtu polepole hivyo. Kila kifungo alikitazama. Akamshika mabega: "Mungu akupe umri ulichakaze, akupe jengine ulichakaze."

"Nimelipenda, bibi," mtoto akasema. "Sijapata kulivaa." Hakuna aliyemuuliza.

Mama akambusu kichwani, akamwambia akimbie.

Kijiji kilikuwa kimechangamka. Watoto wanapita nyumba hadi nyumba, mkono wa Idi, mkono wa Idi, wanaume wanatoka kuswali na kanzu zao zina mikunjo ya sandukuni, kwenye uwanja pembea zimeshafungwa na muuza barafu keshafika. Mama na mimi tulikaa jikoni kutwa kwa ajili ya wageni. Anamimina mkate, mimi nachochea moto.

"Jana Madungu walikula sikukuu?" akaniuliza.

"Wao walikula."

"Nyie?"

"Sie tumengoja ya huku, mama."

"Haya."

Baadaye, tukikuna nazi: "Mtoto hakulilia nguo, wenziwe wakivaa?"

"Aa. Hakulia."

Hili angalau lilikuwa kweli, na nikalishikilia.

"Haya," akasema.

Na alasiri, wageni wameondoka, ananimiminia chai: "Mama mkwe wako hajambo? Hamjakwazana?"

"Hajambo. Hatujakwazana hata kidogo."

Akaniangalia. Mama yangu ana macho ya upole, na siku ile yalikuwa ya upole zaidi, na mimi, mjinga wa mwisho, nikafurahi. Nikajiambia mambo yamekwenda salama. Nikala mkate wa kumimina vipande vitatu.

Tulirudi Chake sikukuu pili. Nilikuwa namvua mtoto lile gauni, sasa limeshakuwa na mchanga na ubuyu mpya halali, akasema tu, kama anavyosema kasikia njaa, "Bibi kasema nilipendeza zaidi kwenye simu."

"Simu gani?"

"Ya jirani. Nilivyopigwa picha na wana wa shangazi, siku ya sikukuu ya huku. Bibi kaiona. Kanambia wakati ananiogesha." Akanyoosha mikono juu nimvue. "Lakini kasema nisikwambie. Utaona haya."

Nikakaa kitandani na gauni mkononi.

"Na hiyo ni siri au ni uongo?" akaniuliza. Alikuwa anataka kujua kweli. Mtoto wa watu nimembebesha siri mbili, moja yangu na moja ya bibi yake, kila mmoja akimficha mwenzake, na yeye kazibeba zote siku mbili za Idi huku anacheza pembea. Nikamwambia aende akaoge.

Sikumpigia mama kumwambia. Nilimpigia, ndiyo, kila baada ya siku mbili tatu kama kawaida, tukazungumza habari za mvua, na karafuu, na bei ya sukari. Kila nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito, na yeye wala hanisaidii wala hanizuii. Fundi alinipigia nikachukue nguo zangu. Nilizichukua na kumtukana kidogo, lakini hata matusi hayakuwa na ladha. Nilimlaumu yeye, nikamlaumu mama mkwe, nikaulaumu na mwezi. Usiku nikiwaza nilikuwa naona ile tende.

Ikakaribia sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja. Nikajipa moyo, nikampigia asubuhi. "Mama, njoo Chake tukachague gauni. Safari hii tutangoja mwezi wenu, nimeshamwambia baba yake, mtoto hatavaa mpaka…" Nikalia, mtu mzima mzima, kwenye simu. Nikamwambia yote: kabati, ubuyu, ndimu, sindano, tende. Hata maneno ya mama mkwe nikamwambia, na ile hasira yangu. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, mie gauni sikulikasirikia," akasema. "Mtoto wa mwezi wenu, sikukuu yenu imefika, kavaa. Ungenipigia tu ningekwambia mvike. Nguo si mswahafu."

"Kwa nini hukunambia unajua?"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nimekaa nawe jikoni kutwa."

Nilikumbuka maswali yake na zile "haya" zake, moja baada ya moja. Zilikuwa milango, na kila mmoja niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nisamehe, mama."

"Nishakusamehe siku ile ile." Na alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. "Lakini sitaki tena nguo itufanye tufichane, kwa hiyo Chake siji. Gauni mnunulie wewe."

"Utamvisha lakini? Alale huko kama siku zote, umvishe?"

Nilisikia jogoo wake, na mtu akipita nje akamwamkia, na yeye akamwitikia marahaba, vizuri kabisa, kwa sauti yake ya kila siku. Kisha akanirudia.

"Mvike wewe, mwanangu, siku yoyote itakayowafikia huko. Mkija huku, mniletee kashavaa."